Juu ya Jina la Baisikeli ya Kale

Tumeletewa swali kutoka Lundo, ufukoni mwa Ziwa la Nyasa, nalo limetuchukua siku nyingi kulifikiri. Maana mwanzo tulidhani ni neno la sokoni tu, kumbe lina kina. Swali ni hili: Mtu amerithi kitu kwa baba yake, na pamoja na kitu amerithi jina lake. Baadaye fundi mwaminifu amemwonyesha ya kuwa jina lile halipatani na kitu chenyewe. Je, aweza kukiuza kwa jina alilopewa na baba yake, pasipo kutenda dhambi?

Wasomaji wetu wapenzi, msijibu upesi. Tulipowauliza wazee watano wa kanisa, watatu walisema ndiyo, mmoja akasema siyo, na wa tano akauliza bei.

Habari yenyewe ni hivi. Mama mmoja mjane, ambaye hatutamtaja jina, alikuwa na fremu ya baisikeli iliyotundikwa darini jikoni kwa miaka mingi pamoja na gurudumu lake la nyuma, vyote vimeshika masizi hata rangi yake haijulikani. Ilikuwa ya marehemu baba yake. Nyumbani kwake, na kwa jirani wote, huitwa "baisikeli ya Mjerumani," na watoto wamelijua jina hilo kabla hawajajua kilichoning'inia mle ni kitu gani. Mjukuu wake, kijana mwenye nguvu, alitaka kuiunda upya, apate kuchukua usipa mkavu kutoka ufukoni mpaka vijiji vya juu, ambako Wamatengo hulima mahindi na maharage katika ngoro zao. Basi akaishusha, akaipakia katika lori, akaipeleka kwa fundi mjini Mbinga.

Ikawa siku ile akapita mgeni, mtu anayekusanya vitu vya kale. Akaiona, akauliza ni ya nini. Kijana akajibu kama alivyofundishwa tangu utoto, ya kuwa ni baisikeli ya Mjerumani. Mgeni akasema, "Ikiwa kweli ni ya wakati wa Wajerumani, kabla ya vita vya 1914, nitatoa shilingi 900,000. Ikiwa ni ya Kiingereza tu, nitatoa 150,000. Nitarudi baada ya majuma mawili." Akaenda zake. Sasa mjue tena ya kuwa mama yule ana mjukuu mwingine, binti, aliyekubaliwa katika chuo cha uuguzi, na ada yake ilikuwa haijalipwa. Bila kulijua neno hili hamtaelewa kwa nini swali likafika kwetu, wala kwa nini likaletwa kwa haraka.

Fundi yule si wa Kanisa letu, ni Mwislamu, tena ni mtu asiyependa kusema asichokiona. Kwanza aliisugua fremu kwa majivu na mafuta ya taa mpaka chuma kikatokea. Haikuwa fremu ya namna ya kawaida, kwa maana juu ina mabomba mawili, moja chini ya jingine, mahali ambapo baisikeli nyingine zina moja tu. Fremu za namna hii zilitengenezwa zamani kwa mizigo mizito na njia mbaya, na nyingi zililetwa Afrika. Huko zilikotengenezwa hazikupendwa sana, ndiyo sababu wakusanyaji wa Ulaya wakiiona moja huishangaa kama mtu aliyemwona twiga mjini. Hapa kwetu mzee aliyebebwa juu ya mabomba hayo mawili pamoja na gunia la mihogo hakuona la ajabu. Twalisema hili kwa kupita tu: mara nyingi kitu ni cha ajabu kwa kuwa mwenye kukitazama amesimama mbali.

Mahali pa beji, kwenye bomba fupi la mbele ambamo foki hupita, palikuwa na matundu ya misumari tu. Beji yenyewe ilikwisha kupotea. Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa, maana wadhani jina la kitu ni ile bati iliyopigiliwa. Fundi hakukata tamaa. Aliigeuza fremu juu chini, akatazama lile bomba fupi la chini linalopitisha ekseli ya kranki. Ndani yake mna mikato inayozunguka kama ya parafujo, ili vikombe vya gololi vishike. Alitwaa kikombe kipya cha kawaida kutoka sandukuni mwake, akajaribu kukiingiza. Kikazunguka mara mbili, kikagoma. Fundi mwenye haraka angalikisukuma kwa nguvu na spana ndefu, nacho kingaliingia, lakini mikato ya zamani ingaliharibika kabisa. Yeye alikitoa. Akaweka karatasi ndani ya bomba, akaisugua kwa penseli mpaka mikato ikaonekana juu ya karatasi, kisha akaihesabu katika urefu wa inchi moja. Ikawa 26.

Sasa neno hili lina maana. Baisikeli nyingi za Kiingereza zilikatwa mikato 24 katika inchi moja. Lakini kiwanda cha Raleigh katika mji wa Nottingham kilishika kipimo chake chenyewe cha mikato 26. Na baisikeli nyingi za Kijerumani za zamani hazina mikato mahali pale kabisa. Vikombe vyake husukumwa ndani ya bomba tupu, au hushikwa kwa njia nyingine. Fundi akasema, "Mwanangu, hii ni ya Nottingham, au ya kiwanda kilichofuata vipimo vya Nottingham. Katika chuma hiki sioni linalosema Ujerumani."

Kijana akamwambia, "Basi niseme ni Raleigh?" Fundi akajibu, "Hilo nalo sikulisema." Nasi tulipoulizia tukaona ana haki. Kwa maana Raleigh waliinunua kazi ya baisikeli za Humber mwaka 1932, na ya Rudge-Whitworth mwaka 1943, wakaendelea kuzitoa kwa majina yale ya zamani kutoka Nottingham. Ndugu watatu walizaliwa katika nyumba moja, kila mmoja na beji yake. Tena foki huweza kubadilishwa, kama meno ya kranki yanavyobadilishwa, hata ukiona foki ya namna ya Raleigh hujapata neno juu ya fremu, umepata neno juu ya foki.

Gurudumu la nyuma lilisema zaidi. Habu yake, ilipokwisha kusafishwa, ilionyesha maneno Sturmey-Archer na herufi AW, na kando yake tarakimu 52. Habu hiyo ya gia tatu ya namna ya AW ilianza kutolewa mwaka 1936, na hii yetu, kwa alama yake, ilitoka kiwandani mwaka 1952. Utawala wa Wajerumani katika ufuko huu ulikwisha katika vita vya 1914 hata 1918. Basi habu haikuwa ya Mjerumani wa zamani zile. Lakini hapa tena fundi alitukanya tusiruke. Habu ni shahidi wa habu. Gurudumu laweza kuingia katika fremu iliyotangulia miaka 30, au iliyofuata miaka 10. Sisi tuliofundishwa katika seminari kupima maneno ya mashahidi tuliona haya kidogo kufundishwa hivyo na mtu aliyeketi juu ya kopo la rangi.

Yule mama alipopelekewa habari hizi hakufurahi. Akasema, "Baba Mchungaji, baba yangu hakuwa mwongo." Na neno hili ndilo lililotufanya tuandike, maana twaona ndilo swali lenyewe, kuliko lile la shilingi.

Watu wa Athene zamani walikuwa na jahazi la makasia 30, walilosema ni la shujaa wao Theseus. Wakalihifadhi miaka mingi. Ubao ukioza wakauondoa, wakapigilia mwingine mzima. Plutarch, aliyeandika habari hiyo, asema wenye hekima waligawanyika: wengine wakasema ni jahazi lile lile, wengine wakasema silo. Miaka mingi baadaye Mwingereza mmoja, Thomas Hobbes, katika kitabu chake cha mwaka 1655 aliongeza fumbo. Akauliza: Kama mtu angaliziokota zile mbao kuukuu kila moja ilipotupwa, akaziweka, kisha akaziunga kwa taratibu ile ile, tungekuwa na majahazi mawili, je, lipi lingekuwa la Theseus?

Hatuna haja ya kwenda Athene. Wazee wa Liuli na wa pwani yote ya ziwa wameijua meli Chauncy Maples, iliyopewa jina la askofu wa UMCA aliyezama katika ziwa hili mwaka 1895. Ilijengwa Glasgow mwaka 1899, kisha ikaletwa kwa vipande zaidi ya 3,000. Na tangi lake la kuchemshia maji lilivutwa nchi kavu na mamia ya Wangoni, maili chache kila siku. Ikaunganishwa kusini ya ziwa, ikashushwa majini mwaka 1901. Ilikuwa meli ya kanisa, ya shule na ya dawa. Mwaka 1967 ikatolewa mtambo wake wa mvuke, ikatiwa wa dizeli. Hakuna aliyesema, Chauncy Maples imekufa, hii ni nyingine. Na kama mtu angalilichukua lile tangi lililovutwa na Wangoni, akalitia katika meli mpya, akaiita hiyo Chauncy Maples, watu wa pwani wangalimcheka. Tangi lilikuwa kitu cha heshima. Lakini jina lilikaa katika bodi ile iliyopita bandari hizi mwaka kwa mwaka.

Mafundi wa baisikeli wana kawaida kama hiyo, wala hawakuisoma kitabuni. Kwao jina liko katika fremu. Badilisha ringi, badilisha spoku, cheni, frii, pedeli, kiti, hendeli. Baisikeli ni ile ile, na mwenyewe ni yule yule. Badilisha fremu, nawe umepata baisikeli nyingine iliyovaa nguo za ile ya kwanza. Twaona kawaida hii ni nzuri, kwa maana ni lazima jina likae mahali, tena pafaa likae mahali pasipobadilika upesi. Hata hivyo ni kawaida ya mafundi. Si sheria iliyoandikwa mbinguni. Mwili wa mwanadamu nao hubadilika kila siku kwa chakula na kwa jasho, tusithubutu kumwambia mzee ya kuwa siye yule aliyebatizwa angali mtoto mchanga, eti kwa sababu nyama yake imekuwa nyingine. Jina lake limo katika kitabu cha ubatizo, na yeye huitika aitwapo. Fremu haiitiki. Kwa hiyo kila jina la fremu ni neno la watu juu yake, na watu ndio watakaojibu.

Tulikuwa tungali katika mawazo hayo alipokuja baba mdogo wa yule mama, mzee aliyepita miaka 80, ambaye hakuna aliyefikiri kumwuliza. Alisikiliza, akacheka, akasema, "Mbona baisikeli zilikuwa mbili?" Ndipo akaeleza. Kaka yake, yaani baba wa mama huyu, alikuwa na baisikeli aliyoiacha Mjerumani mmoja. Siku moja, akishuka na mzigo kutoka milimani, foki ilikatika na fremu ikapinda, wasipate wa kuitengeneza. Akaenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kama vijana wengi wa Nyasa walivyofanya siku zile, akakaa mikataba miwili. Aliporudi, alinunua fremu hii na magurudumu mjini Songea kwa fedha za mkonge. Kutoka ile ya kwanza akatoa kiti na kengele, akavifunga katika hii. Watu walipoona kiti kile na kuisikia kengele ile, wakasema, "Baisikeli ya Mjerumani imerudi." Naye hakuwakataza. Kiti kimekwisha kuoza zamani. Kengele imo katika sanduku la mama, na watoto huichezea.

Basi baba yake hakuwa mwongo, wala mama hakudanganywa. Jina lilihama. Lilitoka katika chuma cha kwanza, likapanda juu ya kengele na kiti, likaingia katika chuma cha pili, na mwisho likakaa darini peke yake, kiti kikiwa kimeoza na kengele imo sandukuni. Mambo kama haya hatuyaoni katika baisikeli tu. Mtoto hupewa jina la babu yake, na nyanya yake humwita "mume wangu," wala hakuna anayemshitaki kwa uongo. Mtaa wetu mmoja una kanisa liitwalo Kanisa la Zamani, ambalo kuta zake na paa lake vyote vimejengwa upya, wala hakuna mbao ya zamani ndani yake isipokuwa benchi moja la nyuma, wanakokaa vijana wasiotaka kuonekana. Jina hilo ni la kweli, kwa sababu wote wanaolisema wanajua maana yake. Wanaita kwalo kumbukumbu, na kumbukumbu ni ya kweli.

Kwa hiyo twasema: Nyumbani Lundo, iitwe baisikeli ya Mjerumani mpaka watakapochoka. Hakuna anayedanganyika. Lakini mgeni hanunui kumbukumbu ya ukoo, hawezi kuibeba. Yeye anatoa shilingi 900,000 kwa ajili ya chuma kilichotoka Ujerumani kabla ya mwaka 1914. Neno lile lile moja, likisemwa kando ya moto, ni kweli. Likisemwa mbele ya mgeni huyu, baada ya fundi kuhesabu mikato na mzee kueleza habari za Tanga, ni uongo. Neno halikubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni yule analolisikia, na kile atakachokifanya kwa kulisikia.

Hapa wale wazee watatu waliosema ndiyo walituletea hoja zao, nasi hatutaki kuzipita kana kwamba ni za watu wajinga.

Wa kwanza alisema: Mama asiseme "ni ya Mjerumani." Aseme tu, "Marehemu baba alituambia ni ya Mjerumani." Hili ni kweli tupu, nalo laweza kusemwa hata mahakamani. Ndugu zetu, hoja hii ni nzuri, nayo ndiyo ya hatari kuliko zote. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya kaskazini, aliandika kitabu juu ya uongo yapata mwaka 395, naye hakuacha kulitazama jambo hili: mtu asemaye maneno ya kweli kwa nia ya kumwingiza mwenzake katika kosa. Aliona ya kuwa uongo tuutafute katika moyo wa msemaji kabla ya kuutafuta katika maneno yake. Kama mama angalisema maneno yale kabla ya kwenda kwa fundi, angekuwa mtu asiyejua, naye asingekuwa na hatia. Baada ya kujua, maneno yale yale yamekuwa chambo. Ndoano imefichwa ndani ya kitu cha kweli, kwa maana samaki hauma ndoano tupu. Jambo hili watu wa ziwani hawahitaji kufundishwa.

Wa pili alisema: Mgeni ana fedha nyingi, hatahisi, na yule binti akiwa muuguzi atatibu wengi. Tulimwuliza kama angekubali neno hilo lisemwe juu ya kahawa yake, mnunuzi akisema mizani imepungua kidogo, lakini wewe una miche mingi, hutahisi. Akanyamaza, ila hakuridhika. Nasi twakiri kwamba mfano wetu hauponyi ada ya chuo. Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aliiweka biashara ya vitu vya uongo chini ya amri ya saba, pamoja na wizi, wala hakuweka alama ya kumwachilia anayemwuzia tajiri. Tena katika Katekisimo Kubwa aliwakemea hasa wachuuzi na mafundi, akijua ya kuwa wezi wengi hawavunji nyumba usiku, huketi mchana mbele ya meza. Fedha ya tajiri ni ya jirani. Hilo ni gumu kulihubiri mahali penye njaa, na mchungaji anayelihubiri bila kuuliza ada imefikia wapi afadhali angenyamaza.

Wa tatu alisema: Mgeni ni mkusanyaji, kazi yake ni kujua. Mbona asiihesabu mikato mwenyewe? Hoja hii tuliipima kwa muda. Ni kweli mnunuzi ana wajibu wa kutazama anachonunua, wala muuzaji halazimiki kumfundisha biashara yake. Kama mgeni angaliitazama fremu kimya, akataja bei kwa macho yake mwenyewe, tungesema amewekea akili yake dhamana. Lakini hakufanya hivyo. Aliuliza, naye akaweka bei mbili, moja kwa jibu hili, moja kwa jibu lile. Aliyeulizwa amekuwa shahidi, ajapokuwa hakupenda.

Fundi naye alikuwa na jaribu lake, la namna nyingine. Kijana mmoja wa karakana ile alijitolea kutafuta beji ya shaba ya baisikeli ya Kijerumani na kuipigilia katika matundu yale. Misumari miwili tu, kazi ya dakika tano. Fundi alikataa, na sababu aliyoitoa si ya dini. Alisema, "Nikiipigilia leo, baada ya miaka 30 fundi mwingine ataikuta, ataniamini mimi." Twalipenda neno hili. Anayemwongopea mgeni humwongopea mtu mmoja kwa siku moja; anayetia alama ya uongo katika chuma huwaongopea hata wale ambao hawajazaliwa, nao hawatakuwa na mzee wa kuwaambia ya kwamba baisikeli zilikuwa mbili.

Majuma mawili yalipokwisha mgeni alirudi. Mama mwenyewe alikuwa amesafiri kutoka Lundo, akamwambia yote: Nottingham, Tanga, Songea, na kengele. Mgeni alisikiliza, akaandika maneno kadhaa katika daftari, akatoa 150,000 kama alivyosema. Hakuongeza. Twalisema wazi, kwa sababu katika hadithi za namna hii watu hupenda kusikia ya kuwa mgeni alifurahishwa na unyofu wa mama, akamlipa yote. Haikuwa hivyo. Akauliza tena kama kengele inauzwa. Mama akasema haiuzwi. Na kwa bei ile ya 150,000 mama aliona afadhali kijana aitumie fremu, kwa maana kwa fedha hizo asingepata baisikeli nyingine ya kuchukua mzigo kama huo. Mgeni akaaga vizuri.

Ndipo fundi akaiunda. Kwanza alifunga uzi kutoka bomba la mbele, akaupitisha nyuma penye ncha za gurudumu na kuurudisha, akapima nafasi pande zote mbili za bomba la kiti. Ikatofautiana kidogo sana, naye akainyoosha kwa mkono. Alitafuta nyufa penye maungio, asione. Vikombe vya mikato 26 havikupatikana Mbinga, wala Songea. Basi alivisafisha vile vya zamani, akavirudisha, akatia gololi mpya, 11 kila upande, na ekseli mpya. Habu ya mwaka 1952 ilipooshwa ndani ilifanya kazi gia zote tatu, jambo lililomfurahisha fundi kuliko yote. Spoku zote zilibadilishwa, 40 nyuma na 32 mbele, kama desturi ya Kiingereza. Tairi za inchi 28 kwa moja na nusu ni za kutoka India, cheni ni ya kutoka China, na keria ilichomelewa kwa nondo za nyumba. Fundi aliuliza apake rangi gani na aandike nini. Mama akasema nyeusi, na asiandike neno.

Kijana sasa hutoka Lundo na usipa, hupanda kwa kusukuma, hushuka na mahindi. Watu njiani humwita mwenye baisikeli ya Mjerumani, naye huitika. Ada ya binti imelipwa nusu, kwa fedha za usipa na mchango wa ushirika. Chuo kimekubali kungoja iliyobaki mpaka mwezi wa saba.